Maziwa Yenye Vyura

Mama yangu alizaliwa upande wa Tseikuru, ambako maji huendewa kwa punda na kurudi kwake ni kesho. Alipoolewa huku kwetu, mwendo mfupi kutoka Kasikeu, alikuta silanga tano kwenye mteremko mmoja. Silanga ni shimo pana lililochimbwa na watu, lenye ukuta wa udongo upande wa chini, la kuzuia maji ya mvua yasikimbie. Kwa mtu wa Kasikeu silanga ni kitu cha kawaida kama ua wa mbuzi. Mama hakuona hivyo. Anasema wiki yake ya kwanza ya ndoa alikuwa akipanda kilimani kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, aziangalie zote tano kwa pamoja zikimeta. Aliwaandikia dada zake barua akawaambia ameolewa katika nchi ya maziwa.

Nilikua nikiamini hivyo. Shuleni tulipofundishwa maziwa makubwa ya Kenya, nilisubiri mwalimu afike kwetu. Hakufika. Nikadhani muda wa kipindi umeisha.

Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikiandika mambo ya kwetu kwenye daftari. Sikwenda chuo. Nilichojua kuhusu kuandika nilikitoa kwenye kamusi isiyo na jalada niliyoinunua sokoni, na kwenye magazeti ya kufungia nyama. Naandika jambo, nalifuta, naliandika tena, halafu nalala nikiwa na wasiwasi kwamba nimelikosea. Daftari langu la kwanza lina kurasa nyingi zilizotoboka kwa kufutwa. Lakini mengine yamebaki, nami nayasoma mwenyewe mchana wa joto, wakati kuku wamelala chini ya ghala na hakuna anayeniuliza nafanya nini.

Niliandika kwamba kwetu mto ni mahali pa kutembea. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga tu, mweupe, mpana, na maji yamelala chini yake kama mtu aliyejifunika shuka. Unachimba kwa kibuyu, unakaa, unasubiri. Shimo linaanza kuloa pembeni, kisha chini kunatokea jicho dogo la maji, baridi, safi kuliko ya bomba. Usipokuwa na haraka linajaa. Ukiharakisha, mchanga unaporomoka, unaanza upya. Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu mmoja mgeni alitwambia tuchore mto. Nilichora mbuzi wamelala katikati yake. Akanipa sufuri.

Niliandika kwamba mto wetu huweza kuja siku ya jua kali. Mvua inakuwa imenyesha milimani, mbali, sisi hatujaona hata wingu. Unasikia kwanza. Ni kama lori lililopotea njia. Akina mama wanaita watoto watoke mchangani, na baada ya muda maji mekundu yanapita yakibeba matawi, ndara, mara moja hata kiti kizima, kimesimama wima kama kinachosubiri mgeni.

Niliandika kwamba mvua ya mwisho wa mwaka, ambayo vitabu huiita mvua fupi, kwetu ndiyo mvua yenyewe. Ndiyo tunayoipandia mahindi na ndengu kwa moyo wote. Ile ya Machi tunaipandia kama mtu anayenunua bahati nasibu. Niliandika kwamba robo ya darasa letu tulikuwa na majina ya mvua, maana mtoto akizaliwa kukinyesha huitwa hivyo, na mwalimu akiita jina hilo vinageuka vichwa vitano, vya kiume na vya kike. Na kwamba huwezi kumwuliza mtu wa kwetu hali yake kabla ya kumwuliza kama kwao kumenyesha. Baba mdogo, mdogo wake baba, ana duka la mabati na misumari kule Malili, kwenye barabara kuu ya Mombasa. Siku alipopigiwa simu kwamba baba amevunjika mguu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Huko kumenyesha?"

Kuhusu silanga niliandika kurasa nyingi zaidi. Kila moja ina adabu zake. Moja ni ya mifugo, moja ni ya kufulia, na moja maji yake yana rangi ya chai kabla majani hayajaingia, na watu waliohamia Nairobi husema hakuna chai nyingine waliyowahi kuiota usingizini. Vyura hulala ndani ya matope yaliyokauka na kupasuka, miezi na miezi, hujui kama wapo. Mvua ya kwanza ikipiga, asubuhi yake wamejaa wote, wanapiga kelele kana kwamba walikuwa wamesimama mlangoni. Na kila silanga huitwa kwa jina la mwanamke aliyepiga jembe la kwanza siku ilipoanza kuchimbwa. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ina jina la susu.

Susu ni nyanya yangu, mama yake baba. Kwa kuwa mimi ni mjukuu wake wa kwanza wa kike, nina jina lake, kwa hiyo silanga ile ina jina langu pia. Na kwa kuwa nina jina lake, baba mdogo haniiti mwanangu. Ananiita mwaitu, yaani mama. Tangu nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, mwanamume mwenye ndevu ananisalimia, "Mwaitu, umeamkaje?" Nami najibu kama mama mzazi. Mgeni akisikia huchanganyikiwa, sisi hatuoni ajabu.

Sasa, susu ana magoti mabaya. Na silanga yake, mwaka hadi mwaka, ilikuwa imejaa mchanga na matope yaliyosombwa na mvua kutoka mashambani, mpaka shimo likawa sahani. Zamani maji yalikuwa yakifika mvua nyingine. Siku hizi ifikapo Juni hakuna kitu, na baada ya hapo maji ni kule mtoni, mteremko mrefu wa mawe. Sisi tulimletea, lakini susu si mtu wa kuletewa. Ukimwachia mitungi miwili anaificha kwa ajili ya kuku, kisha anachukua fimbo na kuteremka mwenyewe. Mwezi wa nane aliteleza. Hakuvunjika, ila alikaa juu ya jiwe mpaka watoto wa shule walipompata.

Baba mdogo alikuja Jumapili iliyofuata, akakaa kwenye kiti cha susu bila kuvua kofia, akasema neno ambalo wote tulijua siku moja atakuja na gari kulisema.

"Mvua hii inyeshe. Nikija Desemba nikute silanga iko hivi, namchukua mama tunaenda Malili. Kuna maji ya bomba."

Susu alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Malili maji yapo," alisema. "Lakini yanakaa wapi nikitaka kuyaangalia?"

"Mama, maji ni ya kunywa."

"Hayo umesoma wapi?"

Mama alicheka, baba mdogo naye akacheka, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nilimwona susu akirudia ungo uleule mara tatu, ndengu zikiwa safi tayari.

Katikati ya mwezi wa tisa tukasikia habari. Kulikuwa na mradi fulani uliokuwa umeleta tingatinga upande wa pili wa kilima, likizoa mchanga kwenye silanga za watu. Mradi haukuomba kitu ila barua kutoka kwa kikundi, na watu wa kikundi kusaidia ukuta kwa mikono. Tingatinga lingeondoka mvua ikikaribia, maana likizama kwenye matope kulitoa ni kazi ya wiki. Sisi tuna mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu, wengi wao wanawake. Wakaniteua mimi niandike barua, kwa sababu nina kamusi.

Naweza kusema hapa kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilirudi nyumbani nikatandika kitambaa mezani. Nilijiona kama mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa yakimtayarisha kwa ukurasa mmoja.

Tulikutana chini ya ukuta wa kanisa, upande wa kivuli, niwasomee rasimu. Mama mwenyekiti ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nilikuwa nimekwama kwenye neno moja.

"Andika silanga," alisema.

"Silanga ni Kikamba. Barua ni ya Kiswahili."

"Basi andika damu." Kwetu wengi huiita hivyo, kutoka kwa neno la Kiingereza, dam.

"Damu ni damu, mama. Tuandike damu yetu imejaa matope?"

"Si ndiyo maana magoti yanauma," alisema mwanamke mmoja nyuma, na wote wakaangua kicheko.

"Wewe andika silanga," alirudia mama mwenyekiti. "Hakuna mtu hajui silanga. Hata tingatinga linajua."

Lakini silanga haikuwa kwenye kamusi yangu. Nilikuwa nimeitafuta tangu darasa la saba. Niliamini, na hili ndilo linaloniumiza nikilikumbuka, kwamba neno lisilokuwemo mle ndani ni neno la kuvaa nyumbani tu. Nikatafuta bwawa. Nilikuta habari ya maji yaliyotuama, nikawaza mbu, nikawaza mtu wa afya akija na dawa ya kunyunyiza. Nikatafuta ziwa. Ilisema ni maji mengi yaliyozungukwa na nchi kavu. Nikasimama mezani peke yangu. Kama kuna kitu tulichokuwa nacho kwa wingi, ni nchi kavu.

Na silanga zetu ni tano, kwa hiyo wingi: maziwa.

Niliandika barua ile mara kumi na moja. Ilipokamilika niliishika siku nne zaidi kwa sababu ya alama ya mkato ambayo sikuwa na hakika nayo. Mama alikuwa akipita nyuma yangu akisema, "Bado?" Nami nikasema, "Bado kidogo." Mawingu madogo yalikuwa yameanza kujikusanya mchana upande wa mashariki, kisha kutawanyika, kama watu wanaofanya mazoezi ya kwaya. Siku ya tano mama mwenyekiti aliichukua mkononi mwangu, akaipeleka mwenyewe.

Kabla hajaondoka niliwasomea kikundi. Bibi mmoja mzee aliinua kichwa nilipofika kwenye neno lile. "Maziwa?" aliuliza. "Maziwa, wingi wa ziwa," nikamweleza. "Eeh," alisema, kama mtu anayesikia habari za wakwe wa watu wengine. Ningepaswa kusimama hapo hapo. Hata Kikamba chetu kina neno moja, iia, kwa kinachotoka kwenye chuchu ya ng'ombe na kwa maji mengi yaliyotulia. Lugha zote mbili nilizozaliwa nazo zilikuwa zikinishika mkono, nami nilikuwa nikiangalia alama za mkato.

Tulisubiri wiki mbili. Nilikuwa nikienda kwa susu kila jioni. Alikuwa amefunga viroba viwili vya nguo akaviweka nyuma ya mlango, na mtu akiuliza anasema ni kwa sababu ya panya, wasizile. Tulikaa nje tukiangalia silanga yake iliyokauka, matope yake yamepasuka vipande vipande kama mkate. Alinionyesha kwa fimbo: pale ndipo nilipopiga jembe, nikiwa na mimba ya baba yako, pale tulikuwa tukiimba, pale kulikuwa na jiwe, wanaume wanne walishindwa, tukaliwashia moto siku nzima tukalimwagia maji, likapasuka lenyewe. Upepo ulikuwa mdogo. Kwa namna fulani, akizungumza hivyo, nilikuwa nikiyaona maji. Nilikuwa nayaona yakipanda taratibu mpaka chini ya miguu yetu, na sikutaka kusogea.

Siku ya kumi na tano asubuhi tukasikia pikipiki. Watu wa mwethya tulikuwa kwenye shamba la mama mwenyekiti tukitayarisha mashimo ya kupandia. Alishuka kijana mwenye gambuti nyeupe, kofia nyeupe, na nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga mkebe mmoja wa bati, mpya, unaong'aa. Alijitambulisha: ni afisa wa mifugo wa ule mradi. Akatoa barua yangu mfukoni. Nilitambua mwandiko wangu kutoka mbali, nikajisikia fahari kwa muda mfupi sana.

"Mmeandika nyinyi?" aliuliza.

"Ni sisi," alisema mama mwenyekiti, akafuta mikono kwenye leso.

"Akina mama, nimefanya kazi hii miaka mingi. Barua kama hii sijapata kuona." Alikuwa na uso wa daktari mwenye habari mbaya. "Mnasema hapa, maziwa yenu yamejaa mchanga na matope."

"Kabisa," walijibu kwa pamoja.

"Mnasema ng'ombe wanaingia ndani na miguu, na... hapa... na kukojoa humo."

"Hata punda," alisema mmoja.

Kijana alifuata mstari kwa kidole. "Mnasema maziwa yana vyura."

"Wengi! Mvua ikinyesha huwezi kulala."

"Na watoto wanaogelea ndani."

"Hiyo tumewakataza, lakini watoto wa siku hizi..."

"Na mnakunywa?"

"Tutakunywa nini kingine?" alisema mama mwenyekiti. "Tunachuja kwa kitambaa."

Alituangalia mmoja mmoja. Kisha akasema kwa upole sana kwamba amekuja kutufundisha kuosha kiwele kabla ya kukamua, na kutuachia mkebe wenye kifuniko, na je, ng'ombe wa maziwa ni wangapi hapa?

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilikaa chini kwenye mtungi wa plastiki uliolazwa pale, nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, "Si hayo maziwa. Ni silanga. Niliandika maziwa nikimaanisha silanga."

Sikumwangalia mtu yeyote. Nilikuwa nikiona viroba viwili nyuma ya mlango wa susu. Nilikuwa nikihesabu: kumi na moja, na nne, na kumi na tano. Nilisubiri wanipige kwa maneno, na nilitaka wanipige.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule bibi mzee. "Nilisema!" alipiga kofi. "Nilisema maziwa, akaniambia wingi!" Halafu mama mwenyekiti akajishika ubavu, akaketi kwenye udongo. Mwingine akalala kabisa kifudifudi juu ya jembe lake. "Alikimbia damu akaangukia maziwa!" alipiga kelele, na kila walipotaka kunyamaza mtu alikuwa akisema neno moja tu, "vyura," wakaanza tena. Kijana mwenyewe alivua kofia akajifuta macho nayo.

"Huko ofisini," alisema alipopata pumzi, "karani alisoma kichwa cha barua akaileta meza yangu. Meza ya maji iko mkabala na yangu. Ni hatua tatu."

"Na tingatinga?" nikauliza.

Kijana alirudisha kofia kichwani.

Alisema liko bado upande wa pili wa kilima. Linamaliza kesho. Keshokutwa linaondoka, mvua imeshaanza kunyesha Kitui, wakubwa hawataki lizame. Kama kuna barua, yeye anapitia huko sasa hivi. Lakini lazima iwe barua.

"Andika," mama mwenyekiti aliniambia.

"Sasa?"

"Hapana, subiri tufe. Andika!"

Mtu alichana karatasi kwenye daftari la nyimbo za kwaya. Kijana akanipa kalamu. Niliandika juu ya goti, nimekalia mtungi, wanawake kumi na wawili wamenizunguka wakipumua juu ya kichwa changu, herufi zikitoka kama za mtoto wa chekechea. Niliandika: *Silanga yetu imejaa mchanga. Tunaomba tingatinga lije kabla ya mvua. Sisi tuko tayari na majembe.* Tingatinga nililiandika bila N ya pili. Niliona. Niliinua kalamu nirekebishe, na mama mwenyekiti aliitoa karatasi chini ya kalamu, ikabaki na mstari mrefu pembeni. Wakatia sahihi wote, wengine kwa dole gumba na udongo wa shamba. Pikipiki ikaondoka. Mkebe alituachia.

Kesho yake alasiri tuliliona linavuka kilima, la njano, polepole sana, na vumbi lake limesimama hewani nyuma yake bila kuanguka. Watoto walilifuata kama harusi. Dereva alikuwa mtu wa mkoa mwingine, asiyependa mazungumzo. Alitoa karatasi yangu.

"Imeandikwa silanga. Ni gani?"

Ndipo nilipogundua kosa la pili. Nilikuwa nimeandika moja. Kwa haraka ile, kichwani mwangu kulikuwa na silanga moja tu, na nyingine nne zilikuwa zimefutika kana kwamba hazikuwahi kuchimbwa. Mama mwenyekiti, ambaye nyumba yake iko karibu na ya tano, alisoma karatasi ile, akanitazama. Sijui kama alikuwa akicheka ndani au la.

"Uliandika moja," alisema.

"Niliandika moja."

"Gani?"

Aligeuka kwa dereva, akanyoosha mkono kuelekea nyumba ya susu. "Ile kubwa," alisema. "Ile yenye mwanamke mzee amesimama pembeni na fimbo. Na umwogope, maana ataanza kukufundisha kazi."

Kweli alimfundisha. Siku nzima iliyofuata susu alisimama ukingoni akimwonyesha dereva kwa fimbo, hapa, hapa, bado, chini zaidi, naye dereva, nadhani kwa kukosa la kufanya, alitii. Tulikuwa nyuma ya mashine tukipiga udongo wa ukuta kwa majembe na kuukanyaga kwa miguu, tukiimba. Nusu ya silanga ilikuwa imezama kupita urefu wa mtu na nusu nyingine bado juu, wakati upepo ulipogeuka ukaja na harufu. Kila mtu aliinua uso. Dereva naye aliinua uso, ingawa kwa sababu nyingine. Hakuaga. Alipanda kilima akaondoka, na matone ya kwanza yalimkuta kwenye lami.

Tuliendelea na ukuta kwa mikono mpaka majembe yakawa yananata. Kisha tukaenda nyumbani, tumelowa, hakuna aliyekimbia.

Ilinyesha siku tatu, ikapumzika, ikanyesha tena. Sikuandika kitu siku hizo. Nilikuwa nikienda kuangalia asubuhi na jioni. Maji yaliingia kwanza upande ule wa kina, mekundu, yakazunguka humo kama mnyama anayetafuta pa kulala. Wiki ya pili yalipanda ngazi ya katikati, yakatandaa upande usiochimbwa, mepesi, ya kufikia kifundo cha mguu. Kisha yakatulia, udongo ukashuka, na siku moja yakawa na mbingu ndani yake. Ndege weupe wenye miguu mirefu walikuja watatu. Hakuna ajuaye huwa wanaambiwa na nani.

Nilikuwa bado na hofu. Nusu ni nusu. Nilipima kwa kijiti, nikaandika alama, nikapima tena kama nimekosea. Niliwaza kwamba siku nne zile za alama ya mkato zingekuwa siku nne za tingatinga. Nilimwambia susu hivyo, siku moja tukiwa ukingoni. Nilimwambia kila kitu: mara kumi na moja, mkato, kwamba niliona aibu ya neno silanga. Alinisikiliza. Alisema, "Unalia kwa sauti ya baba yako," kisha akanituma nimletee ugoro.

Baba mdogo alikuja Desemba, kama alivyosema, na gari. Alikuwa amevaa shati la Jumapili na viatu vya ngozi. Viroba viwili alivikuta mlangoni. Susu alikuwa amevitoa mwenyewe asubuhi hiyo akaviweka nje, waziwazi, ili isisemwe kwamba alivificha. Tuliteremka sote silangani bila mtu kusema twende. Susu na fimbo yake, mama, baba na mguu wake, mimi, na mama mwenyekiti aliyedai alikuwa anapita tu.

Baba mdogo alisimama akaangalia. Alitembea ukingoni mpaka mwisho, akarudi.

"Mwaitu," aliniita, "ina kina gani?"

"Upande huu inafika kifundo cha mguu," nilisema. "Upande ule nilipima kwa kijiti, lakini kijiti kiliisha."

"Kiliisha?"

"Ndiyo."

Alimgeukia susu. "Itafika mvua nyingine?"

"Mimi nitajuaje?" alisema susu. "Ingia upime. Wewe ndiye mwenye gari."

Nilidhani ni mzaha. Baba mdogo alivua viatu, akavipanga vizuri. Akavua soksi, akaziingiza viatuni. Akakunja suruali mara mbili, akaingia. Alivuka upande wa kina kifupi, maji yakimlamba vifundo, na kila hatua alikuwa akitugeukia kama anayetaka kusema, mnaona, hakuna kitu. Kisha akakanyaga pale tingatinga lilipoishia.

Alipotea mzima. Kofia ilibaki juu.

Mama alipiga ukelele. Baba akatupa fimbo. Lakini alitokeza mbali kidogo, amefumba macho, akapuliza maji puani, na badala ya kurudi akageuka akaanza kuogelea kwenda ng'ambo, shati la Jumapili limejaa hewa mgongoni. Sikuwa najua kwamba anajua kuogelea. Hata mama hakujua. Aliogelea kama wanavyoogelea watoto wa kwetu, kichwa juu, mikono ikichota, kelele nyingi. Ndege weupe waliruka wakatua upande mwingine.

"Wewe!" susu alimwita. "Bado unanipeleka Malili?"

Baba mdogo alikuwa amegeuka chali katikati ya maji, tumbo juu, anaangalia mawingu.

Mama mwenyekiti alikuja akasimama kando yangu. Alisema mwakani barua itaandikwa mapema, na itakuwa na zile nne zilizobaki. Nikasema sawa. Kisha nikapanda mpaka mlangoni kwa susu, nikachukua viroba vyake, kimoja kila mkono, vilikuwa vyepesi kuliko nilivyodhani, nikaanza kuvirudisha ndani.